Mlima Ambao Bado Haujasogea

Siku ya kwanza kazini niliripoti kambini nimevaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimetoka chuo, cheti kiko kwenye bahasha, na mama yangu kule Hasamba alikuwa amenionya kwamba mtu haendi kuanza kazi ya serikali na kandambili. Kambi yenyewe ilikuwa mahema machache na gari moja chakavu katikati ya mashamba ya kahawa ya Mbozi. Mjiolojia Mkuu alitoka hemani na hindi la kuchoma mkononi, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaishia kwenye viatu.

"Wewe ndiye Nzowa?"

"Ndiyo, Mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Hivyo viatu vitunze kwa ajili ya harusi yako. Huku tutaviua bure."

Akaniletea mabuti ya mpira ya mwanamume, makubwa kiasi kwamba nikigeuka yenyewe yanabaki yanatazama nilikotoka. Kisha akaokota jiwe miguuni pake, akaliweka kiganjani mwangu. Lilikuwa na mistari myeupe na myeusi iliyopindapinda. Nikafurahi, maana hilo nililijua. Nikamwambia kwa sauti ya darasani kwamba ni naisi, mwamba geu, yaani mwamba ambao zamani ulikuwa wa namna nyingine, ukazikwa chini sana, ukapikwa kwa joto na kukandamizwa mpaka ukabadilika sura.

"Jina lake sijakuuliza," akasema. "Nakuuliza, jiwe hili ni mwenyeji au mgeni?"

Chuoni hatukuulizwa hivyo. Akanieleza huku akitafuna hindi lake. Jiwe mwenyeji ni lile lililoshikamana na mwamba wa chini mahali lilipozaliwa. Jiwe mgeni limesukumwa na maji, limebingirika kutoka juu, au limeletwa na mtu anayejenga choo. Ukimpima mgeni ukadhani ni mwenyeji, ramani yako nzima inakuwa hadithi. Tukapanda kilimani, akanionyesha naisi ile ile imetoka ardhini kama mgongo wa ng'ombe, akaigonga kwa nyundo. Ililia ngaa. Lile nililoshika kiganjani alilitupa kwenye kahawa.

Nawaandikia ninyi vijana, hasa ninyi wa hapa Mpemba mnaopita mbele ya nyumba yangu kwenda kuwauzia madereva wa malori maji na karanga, mkaniambia, "Bibi, mawe ni mawe tu." Si mawe tu. Kila jiwe limezaliwa kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo inayoamua kama nyumba yako itasimama, kama kisima chako kitatoa maji, na kama mlima ulio nyuma yako utakaa ulipo. Na msiniulize habari za kimondo. Kila nikisema nimefanya kazi ya miamba Mbozi mtu ananiuliza kimondo. Kile kilidondoka kutoka juu. Mimi nilishughulika na yaliyozaliwa huku huku.

Pale kambini Mkuu alikuwa na sheria yake. Jioni, ugali ukishaiva, hakuna aliyenawa kabla hajaweka jiwe mezani na kueleza lilivyozaliwa. Dereva naye aliweka. Mpishi naye aliweka, na mpishi wetu alikuwa mjanja, kila siku analeta lile lile la kwenye mafiga, mpaka Mkuu akamwambia aliwekee jina la ubatizo kabisa. Kwa njia hiyo nilijifunza zaidi ya miaka yote ya chuo, maana mtu mwenye njaa huenda moja kwa moja kwenye jambo.

Mambo yenyewe ni haya. Miamba iko ya koo tatu. Ya kwanza ni miamba ya moto, iliyokuwa uji mkali chini ya ardhi kisha ikapoa. Ikipoa polepole huko chini, punje zake zinakuwa kubwa, unaziona kwa macho. Ikitapikwa juu na volkano inapoa haraka na punje zinakuwa ndogo, au inatoka imejaa hewa, kama vile vijiwe vyepesi vya Ileje ambavyo ukivitia kwenye ndoo ya maji vinaelea. Ya pili ni miamba tabaka. Hii ni mchanga, tope na mabaki ya mimea yaliyolala chini ya mito na mabwawa, tabaka juu ya tabaka, yakashindiliwa mpaka yakawa jiwe. Makaa ya mawe ya Ileje ni kinamasi cha kale kilichofanywa hivyo. Ya tatu ni hiyo miamba geu niliyokwisha kuwaeleza. Na koo hizi huoana na kuachana muda wote. Mwamba wa moto unasagwa na mvua, unakuwa mchanga, mchanga unakuwa tabaka, tabaka linazikwa na kugeuka, na siku moja linayeyuka na kurudi kuwa uji.

Kazi ya kwanza ilipoisha nilihamishiwa bonde la Momba, chini ya Fundi Mkuu wa Kuchoronga. Kuchoronga ni kutoboa ardhi kwa mashine ndefu kutafuta maji au madini. Huko tulitafuta maji. Gari linaposhuka kutoka juu kwenda Momba unashuka ukingo mrefu mpaka masikio yanaziba, na Fundi Mkuu alipenda kutuambia kwamba ule si ukingo wa mto. Ardhi yenyewe ilipasuka na kuvutwa pande mbili, kipande cha katikati kikadidimia. Ndiyo Bonde la Ufa. Huko chini, mito yote ya juu imeleta mchanga na tope lake kwa muda ambao akili inakataa kuushika, na kisima kinakupitisha katikati ya yote hayo.

Tope likitoka kwenye tundu la kuchoronga, sisi tulikuwa na kipimo chetu. Unachukua kidogo, unalisaga kwa meno ya mbele. Likikwaruza, kuna mchanga laini ndani yake na maji yanaweza kupita. Likiwa nyororo kama siagi, ni udongo wa mfinyanzi, na maji hayapiti hapo, yanakaa juu yake. Ni kipimo cha kweli, wajiolojia wa dunia nzima wanakitumia, ila siyo wote wanakitumia mbele ya watu. Mimi nilikuwa nakifanya mchana kweupe, na akina mama wa familia za wafugaji waliohamia kule wakaja kututazama. Wakanong'onezana. Mmoja akanisogelea akanishika mkono.

"Hongera, mdogo wangu. Ya miezi mingapi?"

Kila mwanamke hapa kwetu anajua nani anakula udongo. Nikajaribu kueleza kwamba sina mimba, kwamba hiki ni kipimo cha kazi, wakacheka na kuniambia wote huanza kwa kukataa. Toka siku hiyo wakawa wananiletea kibuyu cha maziwa asubuhi. Nilimwambia Fundi Mkuu twende tukawaeleze vizuri. Fundi Mkuu, tayari ameshajimiminia kikombe, akasema tuwaeleze siku ya kuondoka. Kisima kilitoa maji mazuri, na ninaamini kuna mama kule Momba mpaka leo anajiuliza nilipata mtoto gani.

Sasa nifike Ileje, maana ndiko lilikotokea jambo ambalo kwa sababu yake nimeshika kalamu.

Nilikuwa nimeshazoea kazi, nina cheo, na nimerudi chini ya Mjiolojia Mkuu wangu wa mwanzo, ambaye sasa alikuwa mkubwa wa kanda nzima na mvi zimemjaa. Tuliitwa kwenye kijiji kimoja juu ya Isongole, kijiji ambacho jina lake sitalitaja. Wale waliowahi kupanda huko wanajua. Ni milima mitupu, mtu analima mahindi kwenye mteremko ambao mbuzi anafikiria mara mbili. Kijiji hakikuwa na zahanati. Mama mjamzito alibebwa kwa machela mpaka barabarani, na wakati wa mvua njia ilikuwa utelezi mtupu.

Aliyekuwa anaisumbua serikali ya kijiji kuhusu zahanati kuliko mtu mwingine yeyote ni mjane mmoja, Mama Tusekile. Mvua zilizotangulia, binti yake Tusekile alijifungua njiani, juu ya machela, wabebaji wamegeuza nyuso na mama mwenyewe ndiye mkunga. Mtoto alipona, binti naye alipona, lakini sasa binti alikuwa na mimba nyingine, na yule mama alikuwa ameapa kwamba huyu wa pili hatazaliwa juu ya miti miwili na blanketi. Ndiye aliyewasukuma watu kufyatua matofali. Ndiye aliyekwenda wilayani mpaka wakamchoka. Wilaya ikasema sawa, tutajenga, lakini wataalamu wa miamba waje kwanza wapaone mahali.

Mahali penyewe palikuwa pamoja tu. Katika ule mteremko wote kulikuwa na uwanda mmoja, tambarare kama meza, unatosha zahanati, nyumba ya muuguzi na bustani. Tulipofika, matofali yalikuwa yameshapangwa pembeni yake.

Mkuu akaenda ukingoni mwa ule uwanda, ambako watu walikuwa wakichimba mawe ya msingi, akatazama matabaka. Lilikuwa jiwe la mchanga limelalia jiwe la tope, lile la kinamasi cha kale. Akatoa dira yake, akapima mwinamo, yaani matabaka yanalalia upande gani. Yalikuwa yameinama kuelekea ndani, mlimani.

Hapa ni lazima mnielewe. Mjiolojia akiona hivyo moyo wake unatulia. Matabaka yakiinama kuelekea bondeni, siku maji yakiingia katikati yake lile la juu litateleza kama kitabu kwenye meza iliyoinuliwa. Yakiinamia mlimani, yateleze yaende wapi? Nami nilipima, nikapata vile vile. Mkuu akafunga dira, akamgeukia Mwenyekiti wa Kijiji.

"Mwenyekiti, hapa ni mwamba. Jengeni."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti alikuwa na mbuzi ameshamfunga tayari mahali, mbuzi akachinjwa, tukala tukashiba. Mama Tusekile ndiye aliyetuletea maji ya kunawa, mwenyewe, kwa magoti, na mimi niliona haya kuhudumiwa na mtu mzima namna ile. Tukashuka Isongole kulala, na jioni hiyo Mkuu akawapelekea wilaya habari kwamba panafaa.

Asubuhi, tukirudi kuchukua sampuli za mwisho, tulipita mtoni, kwenye kijito kinachopita chini ya ule uwanda. Mkuu aliinama kuosha buti. Mimi, kwa mazoea tu, nikapima matabaka yaliyotokeza kwenye kingo za kijito. Nikamsomea.

"Mkuu, huku yameinama kuelekea bondeni."

"Umeshika dira kichwa chini."

"Hapana, Mkuu."

Akaja akapima mwenyewe. Akahamia ng'ambo, akapima. Akapanda kijito akapima tena. Kila mahali, kuelekea bondeni. Kwenye uwanda peke yake ndiko yalikoinamia mlimani. Mkuu akaketi juu ya jiwe na buti moja mguuni, buti jingine mkononi. Akasema, "Nzowa, tumekula mbuzi wa watu."

Nami hapo hapo nikaelewa. Tulikuwa tumekiuliza kila kijiwe cha kiganjani kama ni mwenyeji au mgeni, kwa maisha yetu yote ya kazi. Ule uwanda hatukuuliza, kwa sababu ulikuwa mkubwa mno. Nani angefikiri kwamba kitu cha ukubwa wa uwanja wa mpira kinaweza kuwa mgeni?

Tukapanda juu kuthibitisha. Juu ya uwanda, kwenye mlima, kulikuwa na ukuta wa udongo na miti uliojikunja kama mahali mtu alipong'ata mkate. Nyuma ya uwanda, pale unapokutana na mlima, ardhi ilikuwa chepechepe imeota matete wakati wa kiangazi. Mkuu akaniambia nichimbe. Nikachimba mpaka chini ya jiwe la mchanga, nikatoa tope la kijivu, nikalitia kwenye meno. Nyororo kabisa.

Jambo lililotokea pale ni hili. Zamani, kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote, mvua ilipenya kwenye jiwe la mchanga, ikafika kwenye jiwe la tope, ikakwama. Tope likalainika. Kipande kizima cha mlima kikashuka, na kilishuka kama mtu anavyoteleza kwenye kochi: makalio yanakuja mbele, mgongo unalala nyuma. Ndiyo maana matabaka yalikuwa yanatazama mlimani. Kile kilichotutuliza mioyo ndicho kilichokuwa ushahidi wa kuporomoka. Na ndiyo maana palikuwa tambarare. Kwenye milima mikali kama ile, mara nyingi mahali pa tambarare panapatikana kwa njia hiyo. Mlima umeporomoka ukampa binadamu kiwanja, na binadamu anashukuru na kuleta matofali.

Nikamuuliza Mkuu, "Tutawaambiaje?"

"Kama ilivyo."

"Wilaya umeshawaambia panafaa."

"Nitawaambia hapafai. Wewe unadhani mdomo wangu una kazi gani nyingine?" Lakini alikuwa anatoka jasho, na jua lilikuwa bado halijawaka.

Mkutano uliitishwa pale pale kwenye uwanda. Mkuu alisimama, akasema jana alikosea. Hakusema "tulikosea", wala hakusema "vipimo vipya vimeonyesha", maneno ambayo nimeyasikia sana kwa wakubwa wengine. Akachora kwa kijiti kwenye vumbi akieleza lile kochi, na watoto wakacheka makalio, lakini wazazi wao hawakucheka. Mwenyekiti akasimama. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo upole ulimwisha.

"Mtaalamu, jana ulituambia hapa ni mwamba. Leo unatuambia ni uji. Kesho utatuambia nini, ni maziwa ya mgando? Babu yangu amelima hapa. Baba yangu amelima hapa. Hakuna aliyeona hata mchanga ukisogea."

Watu wakaunga mkono, na kwa kweli walikuwa na haki. Ndipo Mama Tusekile akainuka, na makelele yakapungua. Hakumtazama Mwenyekiti. Alimtazama Mkuu.

"Baba, nikuulize. Uwanda huu utaporomoka lini?"

"Sijui, mama."

"Mwaka huu?"

"Inawezekana. Inawezekana pia wajukuu zako wazeeke hapa bila kuona kitu. Ila mkikata msingi, mkaongeza uzito, mkamwaga maji ya kufulia kila siku, mtakuwa mnausaidia kushuka. Na zahanati ni mahali watu wanapolala wasioweza kukimbia."

"Lakini lini, hujui."

"Sijui kabisa."

Yule mama akatikisa kichwa taratibu. "Basi leo nakuamini," akasema. "Jana ulikuwa unajua kila kitu."

Jamani, nimefanya kazi na maprofesa. Sijamsikia mtu aliyeisema kazi yetu vizuri hivyo.

Kisha akauliza lile swali ambalo mimi nilikuwa naliogopa toka asubuhi. "Sasa mwamba wenyewe uko wapi?"

Mkuu akawa anajikuna shingo. Tulikuwa tumeshapaona. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na tuta la naisi, miamba ile ile ya Mbozi ya zamani sana, mwenyeji wa kweli, mgongo wake unatokeza ardhini mahali pengi. Juu yake palikuwa na nafasi ya kutosha ukisawazisha kidogo. Tatizo lilikuwa ni kwamba tuta lote lilikuwa limepandwa kahawa, safi, imepogolewa, imetandaziwa majani, shamba zuri kuliko yote niliyoona kule Ileje. Na tulipokuwa tukirudi kwenye mkutano, mtu tuliyekutana naye njiani alikuwa ameshamwambia Mkuu ni la nani.

Akanyoosha kidole. Watu wote wakageuka kutazama tuta, halafu wakageuka kumtazama Mama Tusekile.

"Mmetembea mlima mzima," akasema yule mama, "mkaona kahawa yangu tu?"

Ile kahawa aliiacha marehemu mumewe. Ndiyo iliyowasomesha watoto. Binti yake Tusekile alikuwa amekaa kwenye nyasi na tumbo lake, ameinamisha uso, anang'oa majani moja moja, maana alijua kwamba akisema neno lolote ni kama anamwomba mama yake alipe. Mama akamtazama yule binti kwa muda. Mimi nilikuwa natamani niwe mahali pengine popote, hata Momba na udongo mdomoni.

"Mtaalamu," mama akasema. "Kahawa ikipandwa hapa kwenye uwanda, itaogopa kuporomoka?"

"Kahawa haitaogopa," Mkuu akajibu. "Mizizi yake itasaidia hata kushika ardhi. Mfereji uchimbwe huku juu, maji ya kwenye matete yatolewe, basi."

"Vizuri. Kijiji kitanichimbia mashimo hapa. Kitaniletea samadi. Kitanipandia miche kwa mistari, si ovyo ovyo, na palizi ya mwanzo mtafanya ninyi mpaka izae. Na wewe mtaalamu, shimo la kwanza utachimba wewe, kwa sababu jana ulikula mbuzi."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Mwenyekiti akacheka mpaka akavua kofia. Mkuu alichimba shimo lake akiwa na suruali ya ofisini, vibaya sana, mama amesimama juu yake anamwambia bado, ongeza, bado. Mimi nilichimba la pili bila kuambiwa. Matofali yalihamishwa ng'ambo kwa vichwa vya akina mama na mabega ya vijana. Zahanati ilijengwa juu ya naisi. Haikuwahi ujauzito wa Tusekile, huyo wa pili alizaliwa Isongole, mama yake alimteremsha mapema akakae kwa shangazi asubiri siku. Wa tatu na wa nne walizaliwa kwenye kitanda, pale tutani.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Nilitafuta kokoto za barabara, nilipima visima, nilifundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kusaga tope kwa meno, na wengine wakanikimbia. Mkuu alistaafu, akarudi kwao, akatutoka akiwa mzee mwenye furaha. Zamu yangu ikafika. Siku ya kuagwa nilipewa godoro, mabati na saa ya ukutani, na wakubwa wakasoma hotuba kuhusu yale niliyoyagundua: maji hapa, chokaa pale. Nilipiga makofi kama wengine. Ila moyoni nilikuwa nawaza kwamba kazi yangu ninayoipenda kuliko zote haina cha kuonyesha. Ukichoronga, maji yanatoka, watu wanachota, wanakushukuru. Ukisema msijenge hapa, halafu pasitokee kitu, utamwonyesha nani?

Maana ule uwanda haujasogea. Nawaambieni mapema msije mkasubiri hadithi ya maporomoko. Mvua kubwa zimepita, nyingine za kutisha, na kahawa imesimama pale kwa mistari yake. Kila nikipita Isongole kuna mtu ananitania sokoni. Mwenyekiti, ambaye sasa ni mstaafu kama mimi, huwa anapaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Mawe, mlima wako mvivu huo." Namjibu aende akausukume.

Mwaka huu nilipanda tena mpaka kijijini. Magoti hayataki, lakini niliyalazimisha. Nilimkuta Mama Tusekile amekaa kwenye baraza la nyumba yake, amekuwa mdogo, macho yamefifia, ulimi uko vile vile. Mjukuu wake, yule aliyezaliwa kwenye machela, sasa ni mama mtu mzima, akatuletea kahawa ya pale pale kwenye uwanda. Ni kali, na anaitia tangawizi.

Nikasema niulize mimi kabla hajanitania yeye. "Mama, mbona hatujaona kitu? Labda tulikutoa tutani kwako bure."

Hakucheka. Alitafuta mkono wangu, akaushika.

"Pale zahanati haipiti wiki bila mwanamke kulala na kitoto chake," akasema. "Mvua kubwa ikianza usiku, mimi huamka. Nausikiliza mlima. Halafu nakumbuka wako wapi, najifunika, nalala."

Akaninyang'anya kikombe kuona kama nimemaliza. Nilikuwa sijamaliza. Akaniambia ninywe, inapoa, na nikamaliza nikaomba kingine.